Masteringi ya singeli: kabla hujalipia programu, nisikilize kidogo



Leo siongelei nguo wala viatu. Naongelea wale wenzetu wanaouza sauti: biti, nyimbo, matangazo ya kuweka status, miziki ya vigodoro. Tuko wengi kuliko mnavyodhani, na sisi ni wauzaji wa mtandaoni kama nyie, tofauti yetu ni kwamba mzigo wetu haupandi bodaboda. Na kuna swali naulizwa karibu kila wiki: "Kaka, unatumia programu gani kufanyia masteringi?"

Hata kama we unauza madera, soma. Kuna siku utalipia tangazo la sauti, na ni vizuri ujue hela yako imefanya nini.

Mimi nina kiduka Kibaha, Maili Moja. Mbele nauza chaja, hedfoni na vocha, na najaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Nyuma kuna kachumba nimekaziba kwa magodoro mabovu na trei za mayai, ndo studio hiyo. Nimeishia form four. Muziki sikusomea, kompyuta sikusomea, vyote nimejifunza kwa kuharibu. Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyeharibu sana.

Kwanza tuelewane masteringi ni nini, maana hapa mjini watu wanauziana maneno. Biti na sauti ya mwimbaji zikishachanganywa vizuri, hiyo ndo kumiksi, unapata faili moja. Masteringi ni kazi ya mwisho kwenye hilo faili moja. Unasawazisha besi na sauti za juu, unabana yale mapigo yanayoruka kupita kiasi, unainua ukubwa wa sauti, unahakikisha nyimbo sita za mteja mmoja zinasikika kama watoto wa mama mmoja, halafu unatoa faili la kumkabidhi. Basi. Kama miksi ni mbovu, masteringi itaupaka ubovu wako mafuta ung'ae zaidi.

Sasa maoni yangu, na najua kuna watakaonuna. Kwa sisi wa mtaji huu, programu ya gharama kubwa sio lazima, na ile ya kuiba ndo ghali kuliko zote. Ukitaka kuchagua, jiulize wimbo utapigwa wapi. Halafu jiulize, mteja akirudi baada ya miezi mitatu anataka ubadilishe kitu, utaweza kuifungua kazi yake? Mengine yote ni mapambo ya YouTube.

Hilo swali la pili nimelilipia hela, ngoja nisimulie.

Mwaka juzi nilipata kazi kutoka Kisarawe. Kijana MC wa singeli na wenzake watatu, wanapiga kwenye shughuli kuanzia Kisarawe mjini mpaka huko Maneromango. Alinifuata WhatsApp baada ya kusikia biti niliyoweka status. Nyimbo 6, kila moja elfu 30, jumla laki na themanini, wakatanguliza nusu. Kwangu ilikuwa kazi kubwa. Nikaona kwa heshima ya kazi hii nisitumie vile vitu vyangu vya kila siku, nitafute programu ya masteringi ile inayosifiwa na kila mtu. Nikaangalia bei halali, nikakuta inazidi mtaji wangu wote wa vocha. Kuna jamaa kwenye kundi la Telegram akanipa linki ya kraki. Maelekezo yake ya kwanza: zima antivairasi.

Hapo ndo ningeshtuka. Mtu anakwambia funga mbwa wako kwanza ndo nije kukutembelea usiku, na we unaenda kumfungulia geti.

Programu ilifunguka vizuri tu. Siku mbili nilijiona mkubwa. Siku ya tatu asubuhi nawasha laptopu, nakuta kila faili limeongezewa herufi za ajabu mwishoni, halifunguki, na kwenye skrini kuna barua inataka nilipe kwa bitcoin. Sauti za wale vijana tulizorekodi siku nzima zimekwenda. Biti zangu za miaka miwili zimekwenda. Mpaka picha za bidhaa za dukani. Jioni yake akaunti ya Instagram ya duka ikaanza kuwatumia wateja wangu ujumbe wa kuwekeza hela zizae mara mbili, wengine wakanipigia kuniuliza kama nimekuwa tapeli.

Wale vijana walikuwa wameshatangaza shughuli. Walikuja Kibaha watu wanne, na mnajua njia ile, Kisarawe unakuja Gongo la Mboto, unatafuta gari la Mbezi, ndo upande la Kibaha. Nikawarudishia elfu 90 yao na nauli juu. Yule MC hakunitukana. Alisema tu, "Sawa kaka, ila ungetuambia mapema." Ile iliniuma kuliko tusi. Jumlisha na elfu 90 ambayo ningemaliziwa, laki na themanini imeondoka, na hapo sijahesabu biti.

Na kuna kitu kingine hatupendi kukisema. Sisi hawa hawa tukikuta biti yetu kwenye tangazo la mtu hajatulipa, tunakimbilia kulia hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hiyo tunayoitegemea ilinde nyimbo zetu, inalinda na programu za kompyuta. Huwezi kumtaja COSOTA asubuhi na jioni unashusha kraki.

Tuje kwenye swali la wimbo utapigwa wapi, maana hapa ndo programu nyingi zinatupoteza.

Singeli ni muziki wa kielektroniki wa kuchezea, hata kama hatuuiti hivyo mtaani. Umetoka kwenye uswahili wa Dar, kwenye vigodoro, ukachukua moto wa mchiriku wa vinanda vidogo vya Casio, ukachukua na vipande vya taarabu vikakimbizwa. Studio ya Sisso iko Mburahati, sio Ulaya, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko unaitwa Sounds of Sisso uliofanya wazungu waanze kuuliza huu muziki ni wa wapi. Mwaka 2018 ikatoka Poaa ya Bamba Pana. Watengenezaji wengi wa singeli wamekulia kwenye FL Studio na VirtualDJ, vitu vya kawaida kabisa ambavyo hata mimi na wewe tumevigusa. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba bila programu ya milioni hufiki kokote.

Ila shida iko hapa. Programu za masteringi zinakuja na mipangilio iliyopikwa tayari, ina majina kama Club, Dance, EDM Loud. Unabofya, unasikia sauti imekuwa kubwa, unafurahi. Mingi ya mipangilio hiyo imepangwa kwa akili ya hausi na ndugu zake, muziki wa mapigo 120 na kitu kwa dakika. Chukua kalamu. Dakika ina sekunde 60. Gawanya kwa 128, unapata karibu sekunde 0.47 kutoka pigo moja mpaka jingine. Amapiano ndo inatembea taratibu zaidi, ukipiga kwa 112 unapata zaidi ya nusu sekunde. Singeli inakimbia 200 mpaka 300. Kwa 240, kati ya pigo na pigo una robo sekunde tu.

Inahusu nini? Kompresa na limita zinafanya kazi kama mtu anayeshika mpira wa maji. Pigo kubwa likija zinaminya, likipita zinaachia. Ule muda wa kuachia unaitwa rilizi. Tuseme umebofya mpangilio wenye rilizi ya milisekunde 300. Kwenye hausi ya 128 inaminya, inaachia, inapumua kabla pigo lingine halijafika. Kwenye singeli ya 240 pigo la pili linaikuta bado imeminya, la tatu hivyo hivyo, wimbo mzima unaisha mkono uko kwenye mpira. Ndo maana unakuta singeli ina kelele lakini haipigi, imekuwa bapa kama chapati, na kiki haina nguvu. Kiki ya ngoma nasema, sio ile ya Instagram.

Nilihangaika na hili karibu mwaka mzima nikidhani spika zangu ni mbovu. Siku hizi naanzia rilizi kwenye milisekunde 50 mpaka 80, nasikiliza, naongeza au napunguza. Usiishushe mpaka chini kabisa, ikiwa fupi sana besi inaanza kukwaruza. Na ule muda wa kuanza kuminya nauacha milisekunde chache, ncha ya pigo ipite kwanza ndo ibanwe. Hizo ni namba za kuanzia, sikio lako ndo linaamua.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza cha programu: je, inaniruhusu kushika rilizi kwa mkono? Kama ni kitufe kimoja kinasema "Fanya iwe kubwa", kwa singeli siitaki, hata kama kina jina.

Kipimo cha pili nilikipata Kisarawe hiyo hiyo, na hii ni aibu nyingine. Kazi ya watu wengine, kigodoro cha harusi. Nilikuwa nimeufungua wimbo upana, ule ujanja wa kufanya sauti isikike huku na huku. Kwenye hedfoni ilikuwa raha, unazungukwa. Nikaalikwa, nikaenda nikiwa nimevaa vizuri. Wimbo wangu ukapigwa kwenye spika za tarumbeta na sabufa mbili za kukodi, na kinanda nilichokitegemea kikapotea. Besi nayo nusu haipo. DJ ananiangalia mimi, mimi naangalia biriani.

Sababu yake ni kwamba mitambo mingi ya mtaani inachanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja, yaani mono. Ule ujanja wa kupanua unafanya kushoto na kulia zipingane kidogo. Ukizikutanisha, zinapokingana zinauana. Besi ndo inaumia zaidi. Tangu siku hiyo chochote cha chini ya hezi 120 nakiacha katikati, na kabla ya kutoa faili lazima nibonyeze kitufe cha mono nisikilize wimbo mzima. Programu isiyo na kitufe cha mono karibu, mimi hapana. Halafu nachukua flashi naenda nayo saluni ya kiume ya jirani, wana sabufa la zamani limepasuka upande mmoja. Ule wimbo ukisimama pale, utasimama popote Pwani.

Ukubwa wa sauti nao una ubishi wake. Kila mteja anataka wimbo wake uwe mkubwa kuliko wa jirani. Mtandaoni hilo halikusaidii sana. Spotify wanasawazisha nyimbo kwenye LUFS -14, na wanashauri kilele kisizidi desibeli -1. YouTube nao wanashusha zile zilizozidi karibu na hapo. LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndo sauti kubwa zaidi. Ukibana wimbo mpaka LUFS -7, kule Spotify unashushwa desibeli 7, na kinachobaki kusikika ni ule ubapa uliouleta mwenyewe. Ila memori kadi ya bodaboda haisawazishi kitu, DJ wa kigodoro hasawazishi kitu. Kule wimbo mdogo unaonekana mgonjwa. Kwa hiyo mimi natoa matoleo mawili: la mtaani karibu LUFS -8, la mtandaoni karibu -12, yote nimeacha ile desibeli moja juu kwa sababu ukigeuza kuwa MP3 vilele huwa vinapanda kidogo. Namwandikia mteja kwenye jina la faili lipi ni lipi. Na namtumia WhatsApp kama dokumenti, sio kama video, nisije nikalaumiwa kwa kazi ya WhatsApp.

Sasa majina, maana najua ndo mnachosubiri.

Mimi natumia Reaper. Ni programu kamili ya studio, sio ya masteringi peke yake, lakini ndani ina ikwalaiza, kompresa na limita za kutosha, ina kitufe cha mono, na inapima LUFS yenyewe ukitoa faili. Faili la kushusha ni dogo, halimalizi bando, na laptopu yangu ya mtumba ya RAM GB 4 inaibeba bila kulalamika. Wanakupa siku 60 za kujaribu ikiwa kamili. Leseni ni dola 60 kwa mtu binafsi, au kwa biashara ambayo mapato yake hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. Mimi sijazidi, siku nikizidi nitawalipa dola 225 za wakubwa huku natabasamu. Ukipiga dola kwa shilingi 2,600, dola 60 ni kama laki na elfu 56. Rudi juu uangalie kraki ya bure ilinichukua shilingi ngapi.

FL Studio ndo nyumbani kwa watu wa biti, na sikuambii uhame. Ukinunua mara moja, matoleo mapya yote unapata bure, hilo nawapongeza. Ila soma vizuri kabla ya kulipa. Toleo la chini, Fruity, la karibu dola 99, halikubali kurekodi sauti ya mwimbaji, na anayetaka kurekodi inabidi apande toleo la Producer ambalo bei yake inakaribia mara mbili. Na lile la majaribio linakuachia kutengeneza na kutoa wimbo, hata kuhifadhi, lakini kazi uliyohifadhi huwezi kuifungua ukaendelea nayo mpaka ulipie. Hapo ndo wengi wanaingia mkenge. Unampa mteja wimbo leo, kesho anarudi anataka verse ya pili ipunguzwe, wewe huna pa kuanzia. Ukiwa kwenye toleo la majaribio, usichukue hela ya mtu.

Kama una FL Studio halali tayari, masteringi fanyia humo humo. Fruity Limiter iliyomo inatosha, rilizi yake unaishika kwa mkono.

Vitu vidogo vya bure vya kuongezea, vya halali kabisa: TDR Kotelnikov kwa kompresa, LoudMax kwa limita, Voxengo SPAN kwa kuona masafa ya sauti, na Youlean Loudness Meter toleo la bure kwa kupima LUFS. Shusha kwenye tovuti za wenyewe, sio kwenye linki ya mtu. Hivyo vinne na Reaper, kwa kazi za elfu 20 au 30, sioni unachokosa. Zile programu kubwa kama Ozone ni nzuri, sibishi, nimezisikia. Siku ukiwa na wateja wa kuzilipa, zinunue. Lakini mimi nawajua watu wawili hapa hapa njia ya Mlandizi wanazo zote kwa kraki na rilizi hawajui iko wapi.

Huna laptopu? BandLab iko kwenye simu, na masteringi yake ni bure. Unapakia wimbo, unachagua ladha, unashusha. Kuna na LANDR, walianza mwaka 2014 kufanya masteringi kwa mashine mtandaoni, ila hao ni wa kulipia. Kwa hausi, amapiano au bongo fleva ya taratibu, mashine hizi zinakutoa aibu. Kwa singeli ya 240 nilizojaribu mimi mara nyingi zinarudisha ile chapati niliyosema. Jaribu mwenyewe, ni bure, ila sikiliza kwenye sabufa kabla ya kumtumia mteja.

Kutumia mashine sio dhambi. Ninachopinga ni kubofya kitufe cha bure halafu kumchaji mtu elfu 40 ukimwambia umekesha. Mimi kazi ya kitufe naitoza elfu 5 na namwambia ni ya kitufe. Kazi ya mkono ni kuanzia elfu 15, na ndani yake kuna marekebisho mawili. Ajabu ni kwamba tangu nianze kusema ukweli, wengi wanachagua ya mkono.

Na nyie wa madera na vitenge mliovumilia mpaka hapa, zamu yenu. Kuna mama mmoja wa Mlandizi anauza vitenge mtandaoni, alikuja na tangazo lililotengenezwa sehemu nyingine. Nikamwamkia, nikalisikiliza. Chini kuna singeli imejaa besi, juu sauti yake haisikiki anauza nini. Aliyemtengenezea alilifanyia masteringi kama wimbo wa kigodoro. Sasa status inasikilizwa kwenye spika ya simu, na spika ya simu haina besi. Ile besi yote inakula nafasi tu na haisikiki. Nikakata kila kitu cha chini ya hezi 100, nikashusha biti, nikainua sauti yake kidogo pale kwenye hezi 3,000 ambapo maneno yanasikika vizuri. Hiyo nilifanyia Audacity, programu ya bure kabisa, dakika ishirini. Mama akasema, "Mwanangu, kumbe naongea vizuri hivi." Kwa kazi yako wewe muuzaji, Audacity inakutosha, usimruhusu mtu akuambie anahitaji hela ya programu. Na biti iwe ya kununua, sio wimbo wa mtu maarufu ulioukata kwenye YouTube.

Kulipia, watu wanaogopa bure. Mimi sina akaunti ya benki ya maana, nilitengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu, nikaweka kiasi kile kile cha kulipia na cha makato, nikalipa. Leseni inakuja kwenye email. Usiiache kwenye laptopu tu, mana laptopu inaibiwa. Iache kwenye email, weka na kwenye flashi. Na kazi za wateja kila Jumapili nazinakili kwenye hadidiski ya nje niliyonunua Kariakoo, nikimaliza naichomoa. Ikibaki imechomekwa, siku kirusi kikija kinakula vyote viwili. Umeme nao mnaujua, kwa hiyo kwenye Reaper washa ile ya kujihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache.

Yule MC wa Kisarawe alirudi. Sio kwa hasira, mimi ndo nilimtafuta, nikamwambia nyimbo mbili nitamfanyia bure kufidia, zikipendeza tuendelee. Akaja, tukarekodi upya, tukafika nyimbo nne, mbili akalipia. Mwezi uliopita usiku wa saa nne akanipigia. Kwenye wimbo wa tatu alikuwa amemtaja mdhamini wa shughuli, wamekosana, sasa kuna mdhamini mpya na shughuli ni kesho. Akanitumia sauti ya jina jipya alilorekodi kwenye simu akiwa chooni, kwa sababu ndo kulikuwa kimya. Nikafungua ile kazi ya miezi mitano nyuma. Ilifunguka. Nikakata jina la zamani, nikaweka jipya, nikalisafisha kidogo, nikatoa matoleo mawili, nikatuma. Dakika kumi na tano hivi.

Akatuma elfu 10 na ujumbe: "Kaka, bado uko macho? Kuna lingine la kubadilisha."